Bwana Arusi, Weka Chini Huo Wembe



Mlionizoea kwenye singo, udi na mapishi ya futari mtanisamehe, maana leo nazungumzia gari. Na si gari yenyewe khasa, ni ile plastiki angavu inayobandikwa juu ya rangi ili mawe na mikwaruzo isiifikie. Mafundi wanaiita PPF, herufi tatu tu, na ukizisikia zinatamkwa dukani jua bei imeshapanda ngazi. Nimeulizwa habari zake mara nyingi na mabiarusi wa Unguja na Pemba wanaoolewa bara, na zaidi hawa wanaoletwa huku kwetu Moshi. Swali halibadiliki. Gari ipo, mpya au mpya kidogo. Mume ameangalia video tatu usiku, ameagiza bunda la plastiki, na Jumamosi anataka kuibandika mwenyewe uani. Nimwachie?

Usimwachie. Boneti na bampa wapewe watu wanaoijua kazi hiyo na wanaoifanya kila wiki. Kuna vipande vidogo anavyoweza kuachiwa, tena vizuri tu, na nitavitaja huko mbele. Lakini sehemu ya mbele ya gari si mahali pa kujifunzia.

Kwanza tuseme gari ni ya nani, kwa sababu ugomvi mwingi wa plastiki kwa kweli ni ugomvi wa hilo. Wengi wenu mnaoniuliza, gari ni yenu. Mahari iliyowekwa bila kuguswa, mshahara wa miaka miwili mitatu wa kufundisha skuli au kazi ya hoteli, na baba akajazia kilichopungua. Mahari ni yako, na ulichokinunua kwa mahari ni chako. Mali ya mke haigeuki kuwa ya mume kwa sababu ndoa imefungwa. Akiiendesha, anaiendesha kwa ridhaa yako, na akiikata plastiki juu yake kwa wembe, iwe kwa ridhaa yako pia.

Hayo ni rahisi kuyaandika. Biarusi wa wiki tatu, ugenini, anayeishi nyumba moja na mama mkwe, kumwambia mumewe "gari yangu usiiguse" ni maneno yenye ncha, na hawezi kuyasema mbele ya watu. Kwa hiyo wengi wananyamaza. Boneti inaharibika, na kuanzia hapo boneti inatajwa kila chumvi inapozidi kwenye mchuzi. Bora neno dogo mapema, mkiwa wawili, kwa upole: "Habibi, hii ya mbele tumpe fundi, hivi vidogo tuvifanye mimi na wewe." Amebaki na heshima yake, na wewe umebaki na boneti yako.

Sasa, anayekaa Mjini Unguja anaweza asielewe kwa nini watu wa Moshi wanahangaika na plastiki. Kisiwani adui wa gari ni chumvi, na chumvi huanzia chini, kwenye chesisi na ndani ya milango, polepole, mpaka siku moja unaona rangi imevimba. Plastiki hii haizuii kutu ya namna hiyo hata kidogo. Ninyi mlioko Paje na Nungwi msidanganywe na muuzaji yeyote. Pesa hiyo pelekeni kwenye kuosha gari chini na kupaka dawa ya kutu.

Huku adui anatoka mbele na ubavuni. Barabara ya kutoka Arusha kupita Moshi hadi Himo inabeba malori yanayokwenda na kutoka mpakani Holili na Taveta, na tairi la lori likirusha kokoto, gari ndogo iliyo nyuma inaipokea kwenye ncha ya boneti. Ukiacha lami ukapanda mlimani, Kibosho, Uru, Kilema, Mwika, njia za vijijini ni nyembamba, zimepita katikati ya vihamba, huku migomba, huku uzio wa masale. Mkikutana magari mawili, mmoja lazima aingie kwenye majani, na majani ya huku yana vijiti ndani yake. Kiangazi kuna vumbi laini la udongo wa volkano. Mtoto wa nyumbani akija na kitambaa kikavu akalipangusa kwa nia njema, ni sawasawa na kupitisha msasa. Oktoba na Novemba mijakaranda ya mjini inachanua, inapendeza kwa picha za harusi kweli kweli, na yale maua yakilala juu ya boneti yakaloa, yananata. Halafu inakuja Desemba, Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi yao, na ile njia nyembamba ya mgombani inabeba magari ya Dar es Salaam nzima, kila mmoja akitaka kupita kwanza.

Kwa hiyo simlaumu anayetaka kinga. Kuilinda mali ni jambo jema. Israfu ipo, nitaifikia, lakini haiko kwenye wazo lenyewe.

Plastiki yenyewe ni ya poliurethani, ina unene wa karibu sehemu mbili za kumi za milimita. Inaonekana ndogo mpaka ujue kuwa rangi yote ya kiwandani ya gari, koti la chini, rangi na ule ung'aro wa juu, kwa pamoja ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita na kidogo. Yaani kinga ni nene kuliko kinacholindwa. Asili yake si urembo. Miaka ya 1960, wakati wa vita vya Vietnam, jeshi la Marekani lilihitaji kitu cha kukinga mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga na mawe, na kampuni ya 3M ikatengeneza. Baadaye ikahamia kwenye magari ya mashindano, kisha kwa matajiri, na leo ipo kwenye simu ya biarusi wa Chake Chake anayeulizia bei.

Iliyo bora ina sifa moja inayowafurahisha watu: mkwaruzo mwembamba ukipata joto, kama jua la saa saba mchana, unajifuta wenyewe. Ni kweli, nimeiona. Lakini si mkwaruzo wa msumari, na si plastiki yoyote. Kuna za bei rahisi za PVC ambazo kwa jua letu hugeuka manjano kama kanzu iliyosahaulika kabatini. Na kuna stika za kubadilisha rangi ya gari, ambazo ni nyembamba zaidi na kazi yake ni nyingine. Muuzaji mmoja anaweza kuwa na zote tatu dukani na kuziita jina moja.

Tuje kwenye kazi, na mnaoijua hina mtanielewa upesi. Mwanamke yeyote anaweza kujipaka hina mkono wa kushoto. Wa kulia nani atampaka? Na hata huo wa kushoto, anayejipaka mwenyewe kwa Iddi hajipaki mwenyewe kwa harusi yake. Siku hiyo anaitwa mchoraji, kwa sababu ua likienda mrama halifutiki, utalitazama mpaka hina iishe. Tofauti ni kuwa hina itakwisha wiki mbili. Plastiki nzuri inakaa miaka mitano hadi kumi, na kosa lililobandikwa nayo linakaa muda huo huo.

Gari inaoshwa kwanza. Si kuoshwa kwa ndoo moja na omo, ni kuoshwa kwa maji mengi, kisha kupitishwa udongo maalumu unaokandika kama unga wa chapati, ambao unaokota chembe zilizojificha kwenye rangi. Halafu inapanguswa kwa spiriti ili mafuta yote yaondoke. Boneti inapuliziwa maji yenye shampuu ya watoto, na upande wa gundi wa plastiki nao unapuliziwa, ili iteleze na isigande kabla haijakaa mahali pake. Watu wawili wanaishika, wanaishusha, wanaisogeza. Kisha anapita mmoja na raba ya kukamulia, kutoka katikati kwenda pembeni, maji yatoke yote. Pembeni inapuliziwa spiriti iliyochanganywa na maji ili ishike, kwenye kona inapashwa joto ivutike, na ncha zinakunjwa kuingia chini ya ukingo.

Ukiisoma hivyo ni kama kupika wali. Hebu sasa uipeleke uani kwa mama mkwe, Pasua au Majengo, Jumamosi saa nne.

Chembe moja ya vumbi ikiingia chini ya plastiki inasimama kama kipele cha uso, na hakuna kuitoa bila kuibandua. Fundi mwenye nafasi yake anafunga milango na kumwagia maji sakafu ili vumbi lilale. Uani kuna kuku, watoto, migomba na upepo. Jua nalo likishapiga bati, yale maji ya shampuu yanakauka kabla plastiki haijakaa, gundi inashika palipo na mkunjo, na mtu anaanza kuivuta. Ikivutwa mno inaacha michirizi, au inatulia siku mbili kisha inarudi ilikotoka na kuacha ukingo wazi. Bampa ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haina mahali palipo sawa, yote ni mabonde na milima. Nimewaona mafundi wa miaka mingi wakiibandua na kuianza upya mara mbili.

Lakini kinachonitisha mimi ni wembe. Anayejifunza huibandika plastiki kubwa kuliko boneti kisha akakata ziada pale pale juu ya gari. Mkumbuke vile vipimo. Plastiki sehemu mbili za kumi za milimita, rangi chini yake moja na kidogo. Mkono wa nani, Jumamosi yake ya kwanza, utaijua tofauti hiyo? Wembe unapita plastiki, unapita rangi, unafika kwenye bati, na mstari ule hauonekani leo kwa sababu umefunikwa. Maji yanaingia, kutu inaanza humo humo ndani ya kinga uliyoilipia. Ndiyo maana mafundi wa kweli siku hizi wengi wanakata kwa mashine ya kompyuta, wana kipimo cha boneti ya kila aina ya gari, na kisu hakigusi gari kabisa isipokuwa kwa dharura.

Hata ile hoja ya unafuu haisimami sana. Bunda la kawaida lina upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 15. Kipande cha boneti kikiharibika hakirudi bunda, kinatupwa. Vikiharibika viwili, umeshajaza mfuko wa muuzaji bila kujaza gari.

Wifi yangu ana gari ndogo ya fedha, iliyokuja imetumika kutoka Japani kama yalivyo mengi yetu. Madigadi ya mbele iliwahi kuguswa na nguzo ya geti, ikanyooshwa na kupigwa rangi hapa hapa mjini. Shemeji, kijana mwerevu, fundi wa kompyuta, aliibandika plastiki mwenyewe na siku ya kwanza sote tulimsifu, ilipendeza. Baada ya miezi ukingo ukaanza kuinuka, vumbi likaingia, ukatokea mstari mweusi kama wanja. Hakuupenda. Akaivuta, baridi, kwa nguvu, asubuhi moja kabla ya kwenda kazini. Rangi ya madigadi ikaja na plastiki, ukurasa mzima, mpaka ikaonekana pati chini yake. Sehemu zenye rangi ya kiwandani hazikupata kitu.

Kwa hapo tu mtu anapata kipimo cha fundi. Fundi anayejua, kabla hajataja bei, atakuuliza kama gari imewahi kupigwa rangi upya, wapi, na lini. Rangi mpya inataka wiki kadhaa ikauke kabisa mpaka ndani kabla haijafunikwa, na rangi iliyopigwa vibaya haifai kufunikwa kabisa. Asiyeuliza swali hilo, rudi nyumbani na funguo zako. Na kama ipo siku plastiki itatolewa, itolewe kwa kupashwa joto na kuvutwa taratibu, imelala karibu na bati, si kunyanyuliwa juu kama kifuniko cha halua.

Nisije nikaonekana nawafanyia kampeni mafundi. Wapo wanaobahatisha kuliko shemeji, na wao wanalipwa. Moshi ina watu wengi wenye mikono mizuri ya stika na tinti kwa sababu ya magari ya utalii. Land Cruiser za safari zote zina nembo na michoro, na mtu amezibandika. Lakini stika si plastiki hii, na aliyebobea kwenye tinti ya vioo anafanya kazi juu ya kioo kilicho karibu sawa. Picha za mtandaoni hazina maana, maana siku ya kwanza kila kazi inang'aa. Mwambie akuonyeshe gari aliyoifanya mwaka mmoja uliopita. Tazama kingo, tazama kona za bampa, tazama kama imegeuka manjano. Akiwa hana hata moja ya kukuonyesha, Arusha ni kilomita 80 hivi, si mbali kwa kitu cha miaka mitano.

Mwambie akufungulie boksi la plastiki mbele yako, si akuonyeshe jina kwenye simu. Bei itajwe kwa kila kipande: boneti, bampa, madigadi, saitimira. Waulizaji wengi hawahitaji gari nzima. Sehemu ya mbele ndiyo inayopigwa mawe, na kwa njia za mlimani labda uongeze sehemu ya chini ya milango. Anayekushikilia uifunike mpaka paa, muulize mawe gani yanayodondoka kutoka Kibo mpaka Majengo.

Kwenda gereji, nenda na mume au wifi. Si kwa kuwa huwezi kuongea. Wasichana wa siku hizi mnaongea vizuri kuliko sisi. Ni kuepuka kukaa faragha na wanaume usiowajua siku nzima, na pia macho manne huona kingo zaidi ya mawili. Kazi ya mbele peke yake inaweza kuchukua siku nzima au mbili, kwa hiyo gari mara nyingi inalala. Toa Mus-haf, toa kadi ya gari, toa yale mabangili uliyoyasahau kwenye kisanduku cha mbele. Piga picha kila upande na kilomita zilizosomeka.

Na andikeni. Hapa kuna jambo la dini ambalo wengi hatulijui. Katika fiqhi, kumpa fundi kazi ni ijara, na ijara inataka kazi ijulikane na ujira ujulikane tangu mwanzo. "Tutaelewana tu" si mkataba, ni mlango wa magomvi. Halafu, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi ni kuwa mali iliyo mikononi mwa fundi ni amana: halipi kilichoharibika isipokuwa amezembea au amekiuka mlivyokubaliana. Madhehebu mengine yamemkaza fundi zaidi. Kwa hiyo sisi khasa tunahitaji yaandikwe mapema yale ambayo akiyafanya atakuwa amekiuka: plastiki ya aina gani, hakuna kukata juu ya gari, kingo zinakunjwa, kikiinuka kitu ndani ya muda fulani anarekebisha bila malipo. Karatasi moja, saini mbili, shahidi wawili. Mume wako akisaini kama shahidi, naye amepata kazi.

Upande wa pili wa ijara ni sisi wenyewe. Watu wa visiwani tunapenda kupunguziwa, na kwenye doti ya kanga sina neno. Lakini fundi aliyeshushwa mpaka chini atapunguza kitu, na atakipunguza pale usipopaona: ncha hazitakunjwa, au itatoka ile plastiki ya manjano. Mkishakubaliana bei ya haki na kazi ikatoka vizuri, alipwe pale pale. Mtume (s.a.w.) amehimiza sana mfanyakazi asicheleweshewe ujira wake, na "njoo mwisho wa mwezi" kwa mtu aliyeinama siku mbili juu ya bampa yako si tabia njema, hata kama ushungi umekaa sawa.

Sasa israfu. Moshi mjini iko mita 800 hadi 900 juu ya bahari. Lango la Marangu, pale wapanda mlima wanapoanzia, ni karibu mita 1,900. Ukienda kumtembelea shangazi wa mume huko juu, kurudi unashuka karibu kilomita moja nzima kwa mwendo usiofika kilomita 50, kona baada ya kona, na wakati wa masika barabara imelowa. Nimewaona mabiarusi wanaulizia plastiki ya boneti na hawajui pedi za breki zimebaki kiasi gani. Tairi ni zile zile zilizotoka nazo Japani. Ikiwa pesa haitoshi vyote, sitaki hata kuujadili mpangilio: breki, tairi, taa, kisha tutazungumza rangi.

Na kama pesa haipo kabisa, haipo. Ninajua waliochukua mkopo wa kausha damu kwa ajili ya kung'arisha gari kabla ya siku ya harusi. Riba, wapenzi wangu. Kuingia kwenye ndoa na riba shingoni ili wageni waone boneti inameremeta. Gari ya zamani ambayo rangi yake imeshafifia haihitaji plastiki, kwani itafunika ufifio tu na kuutunza. Maji mengi kabla ya kitambaa, ndoo mbili badala ya moja, nta ya gari kila baada ya miezi michache, na kuacha nafasi nyuma ya malori. Hiyo inatosha, na mtu asikuone mdogo.

Nilivyoviahidi, vile vya mume. Nyuma ya vitasa vya milango, kile kishimo ambapo vidole vinaingia: biarusi mwenye pete na kucha za harusi anaichakaza rangi pale ndani ya mwezi mmoja. Ukingo wa mlango unaogonga ukuta. Kizingiti unachokanyaga ukiingia. Na juu ya bampa ya nyuma, kwenye mdomo wa buti, ambapo kila ukitoka kwa mama mkwe unapakiwa mkungu wa ndizi, nao unaburuzwa, na utomvu wake ukikauka kwenye rangi utausugua mpaka uchoke. Vipande hivi ni vidogo, havina mikunjo mingi, vinauzwa vikiwa vimeshakatwa tayari, na kikiharibika kimoja hasara yake ni ndogo. Fanyeni asubuhi mapema baada ya Alfajiri, kivulini, upepo haujaamka. Shampuu ya mtoto kidogo kwenye chupa ya kupulizia, kadi ya benki iliyofungwa kitambaa laini ndiyo raba yenu, draya yako ya nywele kwa kona. Mmoja anapuliza, mwingine anakamua. Ni kazi ya kucheka, na nadhani mume anayetaka kufanya jambo kwa mikono yake juu ya gari ya mkewe ana haki ya kupewa mahali.

Mtakapoona vitundu baada ya kubandika, msichome na sindano. Vya maji vinaondoka vyenyewe ndani ya siku chache, baridi ikizidi wiki mbili. Vya hewa havitaondoka, hivyo ni vya kuinua ukingo na kukamua tena siku hiyo hiyo.

Kuna aliyeniuliza kuhusu spiriti, kama nguo ikimwagikiwa sala inafaa. Ile ya mafundi kwa kawaida ni isopropili, si kinywaji, ni sumu, haitengenezwi kwa kunywewa. Wapo masheikh wanaoiona si najisi, wapo wanaochukua tahadhari kwa kila chenye jina la alkoholi. Inaruka hewani upesi. Wewe mwenye wasiwasi suuza mahali pale kwa maji na usali, na muulize sheikh wako.

Mwisho ni tarehe, kwa mnaopanga. Plastiki ikishabandikwa isioshwe kwa karibu wiki nzima, na mvua kubwa za siku za mwanzo haziisaidii. Miaka hii Mfungo Mosi unaangukia Machi na Aprili, na harusi nyingi ziko hapo hapo, katikati ya masika ya Kilimanjaro. Ipelekeni gari kabla ya Ramadhani, msingoje wiki ya hina. Na siku yenyewe, wapambaji wakija na maua na sellotepu, kataeni sellotepu na kataeni povu la kupulizia, hata kama matarumbeta yameshaanza na watu wanapiga kelele muondoke. Riboni zifungwe kwenye vitasa na kwenye grili ya mbele, na maua yafungwe kwenye riboni.